Nabongo Mumia wa Wanga: Mfalme wa Mikuki Katika Enzi ya Bunduki

Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Kakamega akielekea magharibi hupita katikati ya mashamba ya miwa kabla ya kuufikia mji wa Mumias. Wengi wetu tumeupitia mji huo mara nyingi tukienda nyumbani au tukirejea chuoni, na aghalabu hatukujishughulisha kuuliza umelipata wapi jina lake. Jina hilo ni la mtu. Ni la Nabongo Mumia wa Shiundu, mfalme wa Wanga, aliyetawala tangu mwaka 1882 hadi alipofariki mwaka 1949. Wapwani waliotangulia kufika huko na misafara yao walipaita Kwa Mumia, Waingereza wakakata jina hilo kwa namna yao, nalo likabaki hivyo hadi leo.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Mumia kwa kumtazama zaidi katika uhusiano wake na majeshi. Tumechagua njia hii kwa sababu mbili. Kwanza, katika uhai wake mmoja, Mumia aliyaona majeshi ya aina tatu yakipishana: jeshi la mikuki na ngao alilorithi kwa baba yake, askari wa Kisudani waliopiga kambi karibu na boma lake, na hatimaye rejimenti ya King's African Rifles, maarufu kama KAR, ambayo wenyeji waliiita Keya. Pili, siku hizi vijana wetu huigiza vita vya enzi hizo katika tamasha na sherehe za utamaduni. Mtu aigizapo vita huwa amekwisha kuchagua, kwa kujua au kwa kutojua, nani akumbukwe na nani asahauliwe. Hatuna budi, basi, kumjua vizuri mfalme huyu kabla ya kuvaa ngozi yake.

Chimbuko na urithi

Inakadiriwa kuwa Mumia alizaliwa mwaka 1849 au karibu na mwaka huo. Baba yake, Nabongo Shiundu, alikuwa mtawala wa Wanga, ufalme ambao ulitofautiana na jamii nyingine za Waluhya kwa jambo moja kuu. Katika jamii nyingi jirani, mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo, na kila ukoo ulijiamulia mambo yake. Wanga, kwa upande wao, walikuwa na kiti cha enzi kilichorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mwenye kiti hicho aliitwa Nabongo, naye alitambulika kwa ngozi ya chui na bangili ya shaba. Wanahistoria kama Gideon Were na John Osogo, waliokusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, wametuachia kumbukumbu nyingi kuhusu nasaba hiyo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Mumia alirithi ufalme uliotulia. Enzi ya Shiundu ilikuwa ya mapambano. Upande wa kusini, Wajaluo wa Ugenya waliwasukuma Wanga kwa nguvu. Upande wa kaskazini, Wabukusu walikuwa wengi, hodari wa vita, na waliishi ndani ya maboma yaliyozungukwa na kuta za udongo na mahandaki. Ili kujihami, Shiundu alitafuta msaada nje. Aliwapokea Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wametawanyika baada ya kushindwa na ndugu zao, akawapa makao, nao wakampigania. Aidha, aliwakaribisha wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliokuja kutafuta pembe za ndovu wakiwa na bunduki.

Jambo hili ni muhimu katika kumwelewa Mumia. Siasa ya kumtumia mgeni mwenye silaha dhidi ya jirani mwenye nguvu haikuanza naye. Aliikuta nyumbani kwa baba yake. Shiundu alipofariki mwaka 1882, Mumia alipokea kiti, akapokea maadui, na akapokea pia mazoea ya kuwatafuta marafiki kutoka mbali.

Elureko, njia panda ya misafara

Makao makuu ya Mumia yalikuwa Elureko, karibu na mto Nzoia. Mahali hapo palikuwa na bahati ya kijiografia. Misafara iliyotoka pwani ikielekea Buganda ilipita nchi kavu na yenye hatari kwa majuma mengi, na ilipofika Elureko ilipata mtama, wimbi, kuku, mbuzi na mahali salama pa kupumzika. Mfalme alipata nguo, shanga, waya na bunduki. Kila upande uliridhika.

Mwaka 1883 alifika Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa akiitafuta njia ya mkato ya kufika Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington, ambaye aliendelea na safari hadi Busoga na kuuawa huko kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mabaki ya askofu huyo yaliletwa Mumias, yakahifadhiwa huko kwa muda, kabla ya kuzikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892.

Mwaka 1889 alikuja Frederick Jackson akiongoza msafara wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mumia alitia mkataba na Jackson na kupokea bendera ya kampuni. Miezi michache baadaye, Jackson akiwa ameondoka kwenda kuwinda na kuchunguza nchi upande wa kaskazini, alitokea Mjerumani Carl Peters. Peters alifungua barua za Jackson zilizokuwa zimeachwa Elureko, akasoma habari za Buganda, kisha akafanya haraka kwenda kwa Mwanga kabla ya Mwingereza. Kisa hiki kinatuonyesha jinsi boma la Mumia lilivyokuwa kituo ambamo mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yakiviziana, ilhali mwenye boma akiwatazama wote na kuwapima.

Pamoja na bidhaa ilikuja lugha. Kabla ya kuwako shule yoyote katika eneo hili, Kiswahili kilikuwa kikisemwa Elureko kati ya wapagazi, wafanyabiashara na watu wa mfalme. Pamoja na lugha ulikuja Uislamu, ambao Mumia mwenyewe na wengi wa jamaa yake waliukubali. Hadi leo Mumias ni miongoni mwa vituo vikongwe vya Uislamu katika magharibi ya Kenya. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tunapojadili kuenea kwa lugha hii bara, mara nyingi tunaitaja Tabora na Ujiji. Elureko nayo inastahili kutajwa.

Wasudani na vita vya mwaka 1895

Mwaka 1894 serikali ya Uingereza, iliyokuwa imeifanya Uganda nchi lindwa, ilimtuma Frederick Spire kufungua kituo Mumias. Mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na Charles William Hobley. Maafisa hawa walikuja na askari wa Kisudani.

Askari hao walikuwa na historia ndefu na ya kusikitisha. Wengi wao walikuwa wametumikia jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Vita vya Mahdi vilipowakatia njia ya kurudi kaskazini, walibaki kusini-magharibi ya Ziwa Albert pamoja na wake zao, watoto na watumwa wao. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwafuata huko, akawaandikisha katika utumishi wa Kampuni. Hatimaye wakawa uti wa mgongo wa jeshi la Uganda Rifles. Walivaa tarbushi, walisema Kiarabu cha kambini, na walihamishwa kutoka ngome moja hadi nyingine bila kuulizwa.

Chanzo cha vita vya 1895 kilikuwa bunduki. Silaha kadhaa zilikuwa zimefika mikononi mwa Wabukusu kupitia biashara na kupitia askari watoro. Hobley aliwataka wazirudishe, wakakataa. Kikosi kidogo cha Wasudani kilichotumwa kuzichukua kwa nguvu kilishambuliwa na kuangamizwa. Kwa Waingereza hilo lilikuwa jambo lisiloweza kuachwa, kwani utawala wao wote ulitegemea imani ya watu kwamba askari wa bunduki hawashindwi.

William Grant aliitwa kutoka Busoga. Jeshi lililokusanyika Mumias lilikuwa mchanganyiko wa kushangaza: Wasudani wa Uganda Rifles, Waganda, Wamaasai wa Uasin Gishu, na mashujaa wa Wanga waliotolewa na Mumia. Jeshi hilo lilielekea kwanza kwenye boma la Lumboka, likaliteka, kisha likaendelea hadi Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye ya leo, ambako Wabukusu na Watachoni walikuwa wamejiimarisha. Watetezi walipigana kwa ushujaa mkubwa. Lakini kuta zilizokuwa zimewazuia Wanga na Wamaasai kwa miaka mingi hazikuweza kuzuia risasi. Waliokufa walikuwa wengi, wanawake na watoto walichukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa.

Kwa Mumia huu ulikuwa ushindi aliokuwa akiutamani tangu enzi ya baba yake. Adui wa kaskazini alikuwa amevunjwa. Lakini tukitazama kwa makini tunapata kuona kwamba siku hiyo hiyo mfalme naye alipoteza kitu. Hapo awali mgeni alikuwa akimsaidia mfalme katika vita vya mfalme. Chetambe, mfalme ndiye aliyemsaidia mgeni katika vita vya mgeni. Amri haikutoka tena Elureko.

Kuzaliwa kwa Keya

Miaka miwili baada ya Chetambe, askari wale wale wa Kisudani waliasi. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mishahara duni iliyocheleweshwa, waliondoka katika msafara wa Meja Macdonald karibu na Ravine, wakaelekea magharibi hadi ngome ya Luba katika Busoga. Huko waliwaua maafisa wao, akiwemo Meja Thruston. Uasi huo uliitikisa Uganda kwa miezi mingi. Uingereza ilijifunza kwamba jeshi la kukodi lisilo na mizizi katika nchi ni silaha yenye makali pande zote mbili.

Tarehe 1 Januari 1902 majeshi ya nchi lindwa za Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, pamoja na askari wa Somalia ya Waingereza, yaliunganishwa na kuwa rejimenti moja: King's African Rifles. Batalioni ya tatu ilitokana na East Africa Rifles, nayo batalioni ya nne ikatokana na Uganda Rifles. Hivyo, wale Wasudani waliokuwa wamepiga kambi kwa Mumia ni miongoni mwa wazee wa rejimenti hiyo. Wajukuu wao tunawajua leo kwa jina la Wanubi, nao wanapatikana Kibera, Bombo na kwingineko. Mwaka huo huo wa 1902, tarehe 1 Aprili, nchi ya Mumia iliondolewa katika Uganda na kutiwa katika Nchi Lindwa ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Rejimenti hiyo mpya haikukaa bure. Mwaka 1905 ilitumwa dhidi ya Wanandi, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen, afisa wa batalioni ya tatu, katika mkutano uliotajwa kuwa wa amani. Mtu akiyaweka maisha ya Koitalel na ya Mumia sambamba, anaona njia mbili zilizokuwa wazi kwa viongozi wa wakati ule. Mmoja alipinga akauawa. Mwingine alikubali akaishi hadi uzeeni. Ni rahisi kumsifu wa kwanza na kumlaumu wa pili. Ni vigumu zaidi kujiuliza tungefanya nini sisi wenyewe, tukiwa na watu wa kulinda na habari za Chetambe zikiwa bado mbichi masikioni.

Kwa upande wa lugha, rejimenti iliacha alama isiyofutika. Amri za Keya zilitolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee iliyoweza kuwaunganisha Myao, Mkamba, Mnandi, Mluhya na Msudani katika safu moja. Kiswahili hicho, kilichoitwa Kikeya, kilikuwa chepesi na chenye sarufi iliyochakaa, na wataalamu wa lugha sanifu walikidharau. Hata hivyo ndicho kilichobeba maneno tunayoyatumia bila kufikiri. Afande ni neno la Kituruki lililopita katika jeshi la Misri na midomoni mwa Wasudani hadi likafika kwetu. Leo kila Mkenya anamwita polisi hivyo. Ombasha na shaushi, vyeo vya zamani vya koplo na sajini, vilipita njia hiyo hiyo. Kwata na kuruta vilitoka katika Kiingereza. Neno moja la salamu kituoni laweza, hivyo, kubeba safari ya kutoka Istanbul hadi Kairo, hadi Ikweta, hadi Elureko.

Chifu Mkuu na hesabu ya vita

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misafara ya Uganda haikuwa na haja tena ya kupita Elureko. Biashara ikapungua. Mumia alibaki na cheo. Mwaka 1909 serikali ilimtangaza kuwa Chifu Mkuu, na ndugu zake pamoja na watu wengine wa Wanga wakapelekwa kutawala jamii jirani. Ndugu yake Mulama aliwekwa juu ya Wamarama, naye Murunga akawekwa juu ya Wabukusu wa kaskazini. Jamii ambazo hazikuwahi kumtii Nabongo hata siku moja zilijikuta zikitozwa kodi na kupangiwa kazi za lazima kwa jina lake. Manung'uniko yaliyotokana na utawala huo yalidumu kwa miongo kadhaa, na mtu asiyeyajua hawezi kuelewa kwa nini jina la Mumia lilitajwa kwa heshima upande mmoja wa Nzoia na kwa uchungu upande wa pili.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914 KAR ilikuwa na batalioni tatu tu. Kufikia mwaka 1918 zilikuwa 22, na askari wake walizidi 30,000. Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi kadhaa, kwa kuwa katika nchi yenye mbung'o, farasi na ng'ombe walikufa, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, yalifanyika maandikisho makubwa ya wapagazi, na machifu wakaamrishwa kutoa watu. Nyanza, ambayo ndani yake mlikuwamo wilaya ya Mumia, ilitoa vijana wengi sana.

Takwimu za serikali zenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya pekee. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa katika mabonde ya Rufiji na kusini ya Tanganyika. Majina ya mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi hicho cha wapagazi, yaani Carrier Corps. Wajerumani waliendelea kupigana hadi tarehe 25 Novemba 1918, walipoweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya amani kutangazwa Ulaya.

Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi katika maisha ya Mumia. Mfalme aliyekuwa akiwatuma mashujaa vitani kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya Wanga sasa alikuwa kiungo katika mnyororo uliowapeleka vijana kubeba mizigo katika vita vya wafalme wa Ulaya. Hakuwa na uwezo wa kukataa na kubaki katika kiti chake. Lakini mama aliyempoteza mwanawe Rufiji hakumjua Ainsworth wala Kaisari wa Ujerumani. Alimjua chifu aliyekuja mlangoni.

Uzee na kifo

Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Hatua hiyo ilikamilisha kazi iliyoanzwa na reli. Mji wetu wa Kakamega ulianza kukua, na katika miaka ya 1930 ukapata umaarufu wa ghafla kwa sababu ya dhahabu. Elureko ilibaki pembeni. Mwaka 1926 Mumia alistaafu kazi ya uchifu, ingawa kwa watu wake aliendelea kuwa Nabongo.

Aliishi kuona vita vingine vya dunia. Mara hii karibu Wakenya 98,000 waliandikishwa. Walipigana Abisinia, Bukini na Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Vijana wa Waluhya walikuwamo kwa wingi. Walirudi wakiwa na medali, Kikeya chao, na maswali ambayo baba zao hawakuthubutu kuyauliza.

Nabongo Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka mia moja. Alizaliwa kabla Mzungu yeyote hajafika katika nchi yake, na alifariki miaka 14 tu kabla ya uhuru. Tarehe 12 Desemba 1963, batalioni tatu za KAR zilizokuwa za Kenya zilibadilishwa jina na kuwa Kenya Rifles. Rejimenti ilikuwa imefika mwisho wake, nayo ilikuwa imeishi miaka 61.

Kuigiza vita leo

Matungu, karibu na Mumias, pana kituo cha utamaduni cha Nabongo. Katika sherehe za Wanga, wazee huja na ngozi na mikuki, na vijana hucheza ngoma za vita. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho, isukuti ingali ikipigwa katika matanga na sherehe. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Katika shilembe, sherehe ya kumkumbuka marehemu, fahali huswagwa na watu hukimbia na mikuki na fimbo kana kwamba adui yuko mbele. Kuigiza vita, basi, si jambo la kuigwa kutoka Ulaya. Babu zetu walilifanya ili kumpa marehemu heshima yake.

Kwingineko pia kumbukumbu zimeamka. Mwaka 2014 Taita Taveta iliadhimisha miaka mia moja tangu vita vilipoanza, na mwaka 2018 Mbala iliadhimisha mwisho wake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwaka 2023 Mfalme Charles wa Tatu aliyazuru makaburi ya Kariokor, Nairobi, na kuwapa wazee wachache waliosalia wa vita vya pili medali mpya badala ya zile zilizopotea au kutupwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutazama wanafunzi wakijitayarisha kuigiza vita vya Mumia katika siku ya utamaduni. Nafasi ya Nabongo iligombaniwa. Mashujaa wa mikuki walipatikana kwa urahisi, na wenzetu kutoka Bungoma walikubali kwa fahari kuwa watetezi wa Chetambe. Ilipofika zamu ya kutafuta askari wa Kisudani, watu walitazamana. Hakuna aliyetaka tarbushi. Mpagazi mwenye sanduku kichwani hakutajwa kabisa. Mwishowe mchezo ulifanywa bila wao, mikuki dhidi ya mikuki, nao ulipendeza macho. Lakini haukuwa wa kweli. Vita vile viliamuliwa na bunduki, na bunduki zilishikwa na watu wasio na nchi, waliolipwa kidogo, wakipigana na watu wasiowajua.

Tukimwondoa askari wa Keya na mpagazi katika maigizo yetu, tunampa Mumia sura isiyo yake. Anakuwa ama shujaa aliyeshinda kwa mkuki wake mwenyewe, ama msaliti aliyetenda yote peke yake. Katika sura zote mbili hatuioni ile hali ngumu aliyokuwamo, wala hatuwaoni walioilipia.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba Nabongo Mumia hakuwa mtu wa kupimwa kwa neno moja. Aliilinda Wanga wakati ambapo falme nyingi zilivunjwa. Aliifungua Elureko kwa biashara, kwa Uislamu na kwa Kiswahili. Wakati huo huo, ushindi wake wa mwaka 1895 ulikuwa msiba wa majirani zake, na cheo chake cha mwaka 1909 kilikuwa mzigo mabegani mwa watu ambao hawakumchagua.

Pendekezo letu ni dogo. Watakaoigiza tena vita vya enzi yake, hapa Kakamega au kwingineko, wawape nafasi watu wote waliokuwapo: Mwanga na Mbukusu, Mtachoni, Mmaasai na Mganda, Msudani mwenye tarbushi, na nyuma kabisa ya safu, mpagazi. Kazi hiyo inawafaa sana wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa lugha tunayoisoma ndiyo waliyoitumia watu hao kuelewana kambini. Wazee waliosikia habari hizi kwa baba zao wanazidi kupungua kila mwaka. Wakati wa kuwaendea na daftari ni likizo hii, kabla ya maigizo yajayo.